Magamba ya ngozi yanayorudi kila mara: ninaumwa na nini?

SWALI

Assalamu alaykum, Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Micheweni, Pemba, na kazi yangu ni kilimo cha mwani. Tangu nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho hutokwa na mabaka mazito yenye magamba meupe kwenye viwiko vyote viwili, magotini na nyuma ya masikio. Hukaa wiki kadhaa, yakapungua, kisha yakarudi palepale, na safari hii yametoka hata mahali kamba ya mwani iliponichubua mkononi. Dukani niliuziwa krimu ya choa. Nilipata nafuu upesi, lakini nilipoacha kupaka yalirudi kwa wingi zaidi. Wengine wanasema ni husuda, wengine ukoma, na mama mkwe ameshanitengea taulo na mkeka. Nataka kujua hasa ninaumwa na nini.
Mama, Micheweni

JIBU

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Swali lako la mwisho lilistahili kuulizwa kabla ya krimu ya kwanza kununuliwa, na si kosa lako kwamba halikuulizwa, kwani madukani mwetu mteja huonesha mkono tu akapewa dawa, bila ya mtu kumtazama kichwa wala kucha.

Nyingi katika krimu zinazouzwa kama dawa ya choa zimechanganywa dawa ya fangasi na steroidi kali, kwa mfano betamethasone au clobetasol. Steroidi hutuliza muwasho na kulainisha mabaka ya maradhi mengi yasiyohusiana, kwa hiyo nafuu uliyoipata haithibitishi kwamba ulikuwa na choa. Ikiwa ni choa kweli, steroidi huuacha ugonjwa uendelee kusambaa huku baka likipoteza ule ukingo wa duara ambao tabibu huutambulia. Na ikiwa ni maradhi mengine, kuacha kupaka ghafla kunaweza kuyarudisha kwa nguvu. Ndiyo maana ninaziogopa krimu hizi, na sindano za aina hiyo ninaziogopa zaidi.

Kwa unavyoeleza, ninachokishuku kwanza ni soriasisi. Haya ni maradhi ambayo kinga ya mwili huichochea ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache tu badala ya takriban mwezi mmoja, hata tabaka zake zikarundikana na kuwa magamba. Hupenda viwiko, magoti na kichwa, aghalabu pande zote mbili kwa pamoja. Huweza kuanza au kuzidi baada ya kujifungua. Na huota palipochubuka, kama ilivyotokea kwenye mkono wako. Choa, kwa kawaida, huanza upande mmoja na kutanuka kwa duara huku katikati pakipona. Nakuomba uzitazame kucha zako: vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, au kucha inayoachana na nyama yake, ni dalili ya kumwonesha tabibu, na vivyo hivyo viungo vinavyokakamaa asubuhi, kwa sababu soriasisi huweza kushambulia viungo. Usibabaike ukiona picha za ngozi nyeupe zenye mabaka mekundu. Kwenye ngozi yetu mabaka huwa ya zambarau, kahawia au kijivujivu, na hata tabibu asiyezoea anaweza kupitwa.

Hata hivyo, barua haipimi mtu. Nenda hospitali ya Wete au ya Chake Chake, uulize kama yupo tabibu aliyesomea maradhi ya ngozi. Wapo waliopata mafunzo hayo katika kituo cha kanda kilichofunguliwa Moshi mwaka 1992. Hakuna kipimo cha damu kinachoonesha soriasisi, kwa hiyo usiondoke umevunjika moyo kwa kuwa hukutolewa damu. Tabibu huitambua kwa macho na kwa historia yako, akakwangua magamba kidogo ukingoni mwa baka ili yatazamwe kwa darubini kama yana fangasi, na akibaki na shaka huchukua kipande kidogo cha ngozi kwa uchunguzi. Akikuomba upimwe kaswende na virusi vya Ukimwi, kubali bila kuona aibu, kwani kaswende nayo huleta vipele vyenye magamba, na virusi hivyo huweza kuizidisha soriasisi.

Siku ya kwenda usipake mafuta ya nazi, liwa wala kitu kingine chochote. Chukua kasha la krimu uliyoitumia, na picha za simu ulizopiga mabaka yalipokuwa yamechachamaa. Ikiwa bado unaipaka, mweleze tabibu akuelekeze jinsi ya kuiacha. Mafuta ya karafuu yaache kabisa, kwa kuwa huunguza ngozi iliyokwisha kuumia.

Kuhusu ukoma, baka lake kwa kawaida haliwashi, na mara nyingi hupoteza hisia, kiasi kwamba mtu akiguswa kwa pamba hapo hajui. Tabibu atakupima hilo kwa dakika chache, na hata ingekuwa ndio, dawa zake hutolewa bure na humalizwa kwa miezi 6 au 12. Soriasisi nayo haiambukizi kwa taulo, mkeka wala sahani. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani liliitambua rasmi kuwa maradhi sugu yasiyoambukiza. Ikithibitishwa, nenda na mama mkwe siku ya marejeo ayasikie haya kutoka kwa tabibu mwenyewe. Dua na kombe endelea navyo ukipenda, ila visikucheleweshe kwenda hospitali.

Soriasisi hatuna dawa ya kuimaliza moja kwa moja, lakini zipo za kuituliza kwa muda mrefu. Iwapo unanyonyesha au unatarajia kubeba mimba, litaje hilo kabla hujaandikiwa chochote, kwa sababu methotrexate, mojawapo ya vidonge vinavyotumika, humdhuru mtoto aliye tumboni na haifai kwa anayenyonyesha.