Uliza kwanza leo kimeingia nini

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilikuwa hili: ukitembelea eneo linalosifika kwa mvinyo, unachaguaje pa kula chakula cha jioni? Nililisoma nikiwa nimekalia gunia la dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikawasomea na wenzangu kwa sauti. Wakacheka. "Wewe na mvinyo wapi na wapi?" Wana haki ya kucheka, maana mimi nikifika glasi ya pili nasinzia. Ila wanasahau kwamba huu ni mwaka wangu wa tisa nauza dagaa Dodoma, mji wa zabibu na mvinyo. Mzigo unapanda fuso, mimi napanda basi pale Nyegezi, karibu kilomita 700 kupitia Shinyanga, Nzega, Singida na Manyoni. Nikifika nalala siku mbili tatu nikisubiri wateja wa soko la Majengo wanilipe, na kila jioni lazima nile mahali. Kwa hiyo la kusema ninalo.

Safari ya kwanza nilichagua kwa macho. Palikuwa na mahali pana taa za rangi, kibao kimechorwa kishada cha zabibu, viti vina mito. Nikajiambia niko mji wa zabibu, nile penye zabibu. Kwenye orodha ya vyakula wameandika "Sato wa Ziwa Victoria", na mimi kwa uchovu wa basi nikaagiza. Hebu fikiria: nimetoka ziwani, nimekaa njiani siku nzima, halafu naagiza samaki wa nyumbani! Alipoletwa hakuwa na kichwa wala mkia. Kipande cheupe, kinene, kimeviringishwa kwenye unga wa ngano. Nikakigusa kwa uma, kikaachana mapande makubwa makubwa, na mwiba sikuuona hata mmoja. Sato ana miiba midogo midogo. Ukimla unamla kwa adabu, kwa ncha za vidole. Kile kilikuwa mnofu wa sangara, tena uliolala kwenye barafu siku nyingi, maji yanautoka. Kumwambia mhudumu niliona haya, kijana wa watu pengine ziwa lenyewe hajaliona. Nikateremshia na mvinyo mwekundu wa glasi, vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, mchachu kiasi kwamba chupa yake lazima ilikuwa wazi tangu wiki ya nyuma. Mvinyo mwekundu juu ya samaki mwenye mafuta, jamani, ni kama umelamba kufuli.

Bili sitaji.

Kesho yake nikamsimulia mteja wangu mmoja, mama wa Kigogo anayenunua kwangu tangu mwanzo, namwita dada. Akanihurumia kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani ulivyofika uliwauliza leo kimeingia nini?"

Sikuwauliza. Mimi! Hapa Mwaloni hakuna anayetoa hela mfukoni kabla ya kuuliza hilo. Na wakati mwingine hata kuuliza hakuna haja, unatazama mbingu. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa ni haba, kwa sababu wavuvi wa dagaa wanategemea giza: taa zao ndizo zinazowavuta dagaa juu, na mbalamwezi ikiangaza ziwa zima taa inakuwa haina kazi. Mitumbwi inabaki ufukweni, watu wanashona nyavu. Anayekuuzia "dagaa wa jana usiku" siku kama hizo, muulize ni jana ipi. Hayo nayajua hata nikiwa usingizini, lakini nilipofika mji wa watu taa za rangi zikanisahaulisha.

Mvinyo wenyewe hauna haraka. Umo ndani ya chupa, umefungwa. Utaukuta leo, utaukuta kesho, hotelini, dukani, wakati mwingine hata kwenye kibanda cha soda. Kinachoharibika ni chakula. Ndiyo maana mimi nafuata chakula kilichoingia siku ile, halafu mvinyo unanifuata pale nilipokaa. Naona wengi wanafanya kinyume, wanafuata jina la kwenye chupa mpaka wanakaa kwenye meza ambayo jikoni kwake hakuna kitu.

Safari nyingine ikaangukia wakati wa mavuno. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili au wa tatu, na tena wa nane au wa tisa. Kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima akishavuna anapogoa na mti unachipua upya. Kaka yake dada ana shamba upande wa Makutupora, kilipo kituo cha utafiti wa zabibu. Iko hata aina ya zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora kwa jina la hapohapo. Wakanichukua Jumamosi. Alfajiri watu walikuwa tayari kwenye mistari na mikasi mikononi, kishada kinakatwa, kinalazwa kwenye kreti taratibu kama yai, wakikimbizana na jua lisije likazichemsha kabla hazijafika kiwandani. Huku wanakata, huku wanaongea habari za mchuzi. Bei ya mchuzi, tangi la mchuzi, fulani kakwama na mchuzi wake tangu mwaka jana. Nikajua chakula kimekaribia, nikanawa na mikono. Kumbe mchuzi wa zabibu ni juisi iliyokamuliwa na kuachwa iwe mvinyo, na mkulima aliyekosa mnunuzi wa zabibu mbichi huihifadhi kwenye tangi badala ya kuacha vishada vioze mtini. Walicheka mpaka kreti ikaanguka. Nikawauliza na mimi kama wanajua mapanki ni nini (ni mifupa ya sangara inayobaki mnofu ukishatolewa), wakanyamaza. Tukawa sare.

Nikamwuliza yule kaka, mgeni wako wa heshima ukitaka ale vizuri jioni, unampeleka wapi? Nilitegemea anitajie hoteli. Akasema, "Mama Dagaa, leo si Jumamosi? Mnada wa Msalato."

Tulifika saa kumi na moja kasoro. Mbuzi wamening'inizwa, waliochinjwa siku ileile. Unaonyesha kwa kidole, mbavu hizi, paja lile. Wanakata, wanapima kilo mbele yako, kisha nyama inakwenda motoni na wewe unakaa palepale unailinda kwa macho isije ikabadilishana na ya jirani. Chumvi tu. Ndimu na pilipili pembeni. Dada alikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari, kwenye kikapu, ameizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ili upepo uipoze. Wanaosema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani wanasema chumba cha Ulaya, si chumba cha bati cha Dodoma; ukiwa na friji, nusu saa inautosha. Na ule ukali unaokausha ulimi, uliokuwa adui yangu kwenye sangara, ulipokutana na mafuta ya mbuzi ukatulia, ukawa mtamu. Hapo ndipo nilipoelewa watu wanasifia nini.

Saa moja tulikuwa tumeshamaliza na mikono tumenawa. Sijui nani aliyewaaminisha wasafiri kwamba chakula cha jioni lazima kiwe saa tatu usiku. Ugenini kula mapema ni faida tupu: nyama haijachaguliwa na wengine ikabaki mifupa, bajaji bado zipo, na barabara unaiona.

Jambo jingine. Yule kaka hanywi. Analima zabibu mwaka wa ishirini sasa na pombe hajawahi kuigusa. Alikaa nasi na juisi yake, akala kuliko sote, akatuendesha kuturudisha mjini. Swali lenu, mhariri, limemsahau mtu wa namna hiyo, na ni wengi. Mahali pazuri pa kula kwenye nchi ya mvinyo ni pale ambapo asiyekunywa naye anakula akashiba bila kujiona kama mlinzi wa wenzake. Nikiona orodha ina mvinyo ishirini na juisi ya pakiti moja, nanyanyuka.

Mengine ni madogo. Mvinyo wa glasi, uliza chupa ilifunguliwa lini, na mhudumu akisitasita, wewe kunywa maji. Ukija na chupa yako, uliza kabla ya kukaa kama wanakubali na wanatoza kiasi gani, usije ukagombana wakati wa bili. Ukitaka kuku wa kienyeji au ugali wa uwele na mlenda, weka oda tangu mchana. Chakula cha kienyeji kinacholetwa ndani ya dakika kumi kilipikwa juzi.

Mwaka jana ikawa zamu yangu. Dada alikuja Mwanza, mara yake ya kwanza kuliona ziwa, na chupa mbili za mvinyo mweupe amezifunga ndani ya kitenge kama watoto mapacha. Majirani wakanishauri nimpeleke sehemu yenye mandhari, anakula huku anatazama Jiwe la Bismarck kule ziwani. Nilimpeleka kulitazama, ndiyo, tukapiga picha, tukanywa soda moja moja. Lakini pa kula nilishapaona tangu saa tisa alasiri: kwa mama lishe mmoja Igombe, ufukweni, mabenchi manne na turubai.

Nilimpeleka mapema kwa makusudi, achague mwenyewe. Nikamfunulia shavu la sato, pale anapopumulia, jekundu kama damu ya sasa hivi. La kahawia achana nalo. Nikambonyezesha ubavuni kwa kidole, pakabonyea pakarudi. Jicho limetuna, linang'aa. Akauliza kama ni wa ziwani au wa vizimba vya kufugia samaki, nikashangaa kajulia wapi habari za vizimba; mama lishe akamwambia bila kuficha, hawa wakubwa wanaolingana ni wa vizimba, hao wengine wa nyavu. Tukachukua wawili wa nyavu. Chupa zake tukazilaza kwenye kasha la barafu, katikati ya sangara wa mtu, nikamwomba mwenye sangara samahani.

Tukisubiri akanieleza kwamba zabibu ziliingia kwao na wamisionari wa Kikatoliki, pale Bihawana, miaka ya 1950. Nikamwambia basi ni umri mmoja na huyu sato, na sangara pia, maana wote wawili waliletwa ziwani miaka hiyohiyo. Wenyeji hasa ni ngege, furu na hawa dagaa. Hakuamini. Watu wa Mwanza wenyewe nikiwaambia hawaamini.

Saa kumi na mbili na nusu chakula kikaja: sato wa kukaanga, ugali wa muhogo, kachumbari, na sahani ya dagaa niliyoiongeza mimi, wa asubuhi ileile, wamekauka jua la siku moja, wamekaangwa mpaka wanalia mdomoni. Chupa ikatolewa kwenye barafu, inatoa jasho. Ndipo tukagundua kizibuo hakuna. Igombe nzima ina vifungulio vya bia, kizibuo cha mvinyo hakuna hata kimoja. Kijana wa mtumbwi akaja na bisibisi, tukamzuia. Mwishowe mama lishe akachukua mpini wa mwiko wake, akausimamisha juu ya kizibo na kukisukuma chote ndani ya chupa, mvinyo ukaruka ukamlowanisha usoni, akaulamba, akasema, "Mbona ni kama ndimu." Na ndivyo ulivyofanya kazi, kama ndimu: mkavu, baridi, unakata mafuta ya dagaa, unataka uchukue tena. Glasi hazikuwapo, tulitumia vikombe vya chai.

Giza likaingia, na mwezi ulikuwa haujatoka. Taa zikaanza kuwaka ziwani, moja, tano, kisha huwezi tena kuhesabu, mpaka ikawa kama kuna mji ng'ambo kule. Dada akaacha kula, akakaa anatazama.

"Zile zote ni za dagaa?"

"Zote."

"Basi kesho bei ya gunia ishuke."

Nikajifanya sijasikia, nikamsogezea ugali.

Muuza dagaa, Kirumba, Mwanza