Miksa ya mtumba kwa studio ndogo: geuza uone mgongo

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina studio ya chumba kimoja hapa Sakina, Arusha. Siku za wiki narekodi vijana wa bongo fleva na hip hop, mmoja mmoja. Wikiendi zinakuja kwaya, na mara chache kikundi chenye gitaa, kinanda na ngoma. Natumia laptop ya Windows na saundikadi (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) ya Focusrite Scarlett 2i2. Sasa nataka miksa iliyotumika na nimeshapata tatu: Mackie 1604-VLZ Pro inayouzwa na kanisa moja hapa mjini lililohamia miksa ya dijitali, Yamaha MG16XU ya jamaa wa Moshi anayepiga muziki kwenye harusi, na Yamaha 01V96 iliyoko Nairobi, ambayo dalali wake anasema "ina USB, unachomeka tu unarekodi". Hela niliyo nayo inatosha moja tu. Nichukue ipi, na nikienda kuiangalia nikague nini?
Msomaji, Sakina

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na habari usiyoipenda: kati ya hizo tatu hakuna hata moja itakayokurekodia kwaya vizuri ukiiunganisha na hiyo saundikadi uliyo nayo. Zote ni miksa nzuri. Tatizo liko kwenye njia ya kutoka miksani kwenda kompyuta, na hapo ndipo wengi wanapopotezea hela, kwa sababu muuzaji anakuonyesha uso wa miksa wakati kazi yako iko mgongoni.

Chukua hiyo MG16XU. Ina chaneli 16, ina efekti zake ndani, ina USB. Lakini ile USB inapeleka traki mbili tu kwenye kompyuta, kushoto na kulia. Sauti zote zinachanganywa ndani ya miksa kwanza, ndipo zinatoka zikiwa zimeshashikana. Kwaya ikisharudi nyumbani, ukagundua alto wamewafunika soprano, huna la kufanya. Hakuna traki ya alto ya kushusha. Kwenye harusi hiyo si hoja, maana kilichotoka kwenye spika ndicho kilichotoka. Studio inaishi kwa kurekebisha kesho yake. Miksa hiyo ina matundu manne ya grupu, yaani ya kutolea sauti kwa makundi, kwa hiyo ungeweza kupata traki nne, lakini Scarlett yako ina maingilio mawili, basi tunarudi palepale.

Mtego huu hauko kwa Yamaha peke yake. Soundcraft Signature 12 ya kawaida inapeleka traki mbili kwa USB, na ndugu yake aliyeandikwa MTK anapeleka kila chaneli peke yake. Kwa sura ukiziweka pamoja utadhani ni kitu kimoja. Allen & Heath ZED-10 nayo ni mbili. Ukikutana na Tascam Model 12 au Model 24 ya mtumba kwa bei unayoiweza, hizo zinarekodi chaneli moja moja, kwenye kompyuta au kwenye kadi ya SD bila kompyuta kabisa. Zile za zamani zinazotumia waya wa FireWire zipite, hata kama bei ni ya kutupa. Laptop nyingi za sasa hazina tundu lake, na utahangaika na adapta hadi mteja aondoke.

Sasa huyo dalali wa Nairobi. Kusema 01V96 ina USB si uongo, ila hajakuambia USB ya nini. Kwenye 01V96 ya kawaida, USB ni ya kompyuta na miksa kupeana amri. Sauti haipiti humo. Iliyokuja kupitisha sauti kwa USB, traki 16 kwenda na 16 kurudi, ni 01V96i. Mwambie akutumie picha ya jina la mashine, uitafute hiyo "i" mwenyewe. Kama haipo, sauti inatoka kwa njia ya ADAT, yaani waya wa mwanga unaobeba chaneli nane kwa 44.1 au 48 kHz, na Scarlett 2i2 haina tundu hilo. Ongeza kwamba ni mashine yenye feda (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zinazosukumwa na mota, skrini, na betri ndogo ndani ya kutunza kumbukumbu. Vyote hivyo vinazeeka, na fundi wa Arusha anayeweza kufufua feda ya mota ukampata siku hiyohiyo, mshike usimwachie. Mimi ningeiacha, isipokuwa iwe "i" na umeijaribu kwa mkono wako.

Inabaki Mackie ya kanisa, na hiyo ndiyo ninayoipenda kwa kazi yako. Ina priampu halisi za maiki, yaani sakiti za kukuza sauti ndogo ya maiki, kwenye chaneli zote 16, na ukiigeuza utakuta chaneli ya kwanza hadi ya nane zina matundu yaliyoandikwa DIRECT OUT, kila moja ikitoa sauti yake peke yake. Fahamu tu kwamba sauti hiyo inatoka baada ya feda, hivyo ukisukuma feda katikati ya wimbo, rekodi nayo inapanda na kushuka. Ukitaka iliyo safi kabisa tumia tundu la INSERT, lile la kuunganishia efekti za nje. Jeki ya mono ikisukumwa hadi mlio wa kwanza tu, isiingie yote, inachota sauti kabla ya ikweliza (nobu za besi na treble) na feda, na miksa inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ni ujanja wa zamani na watengenezaji wenyewe wameueleza kwenye kitabu cha maelekezo.

Nane zinatosha? Hesabu sauti zinazoimba kwa wakati mmoja, usihesabu watu. Soprano maiki moja, alto moja, teno moja, besi moja. Kinanda stirio, mbili. Mwimbishaji anayeongoza, moja. Kayamba au ngoma, moja. Nane zimekwisha hapo, na kwaya nyingi za huku zinaingia kwenye hesabu hiyo. Kikundi chenye drams kamili kingekubana, ila umesema hao ni mara chache.

Lakini ili hizo nane zifike kwenye kompyuta unahitaji saundikadi yenye maingilio nane. Na saundikadi za namna hiyo, kama Behringer UMC1820 au Scarlett 18i20, huja na priampu zake nane za maiki. Umeona tunakoelekea? Ukishanunua saundikadi hiyo, unaweza kurekodi kwaya bila miksa. Ukinunua miksa bila saundikadi hiyo, huwezi kuirekodi ipasavyo. Kwa hiyo kama hela ni ya kitu kimoja, anza na saundikadi ya maingilio nane, iwe mpya au iliyotumika. Wale vijana wanaorap mmoja mmoja hawahitaji hata hiyo; 2i2 uliyo nayo inawatosha kabisa, na wengi wangefaidika zaidi na magodoro mawili ukutani kuliko na chaneli 16.

Miksa ije ya pili, na ikija itakuwa na kazi ya kweli. Kupitia AUX, yaani njia za pembeni za kutolea sauti, utawapa waimbaji sauti kwenye hedifoni bila kuchelewa hata kidogo, kila kundi na mchanganyiko wake. Utaunganisha maiki tatu za soprano ziwe traki moja pale kwaya inapokuja na watu arobaini. Tena najua msanii akiingia akaona bodi kubwa lenye taa anaacha kubishana bei. Hiyo nayo ni biashara na siikatai, mradi usiilipie kwa hela iliyokuwa ya maiki.

Tuje kwenye ukaguzi. Nenda mchana, na uende na vitu vyako: hedifoni unazozijua, maiki moja ya dainamiki unayoijua, waya wake mzima, jeki mbili, simu yenye muziki na mita ya kupimia umeme. Usikubali kujaribu kwa maiki ya muuzaji.

Kabla hujaiwasha soma bamba la nyuma lenye volti. Umeme wetu ni volti 230. Miksa zilizoingia na mizigo ya mitumba kutoka Marekani mara nyingi ni za 120, za Japani ni za 100, na kuna watu hubadilisha plagi tu ili ikae kwenye soketi ya hapa. Ikiwa ni ya volti ndogo, uliza imekuwa ikitumia transfoma ipi na uione kwa macho. Jibu la "tuliichomeka tu ikawaka" usilikubali, wala usiiwashe bila hiyo transfoma.

Ikishawaka iache saa nzima kabla ya kuamua chochote. Hitilafu nyingi za mashine kuukuu zinasubiri joto: lehemu iliyopasuka hutanuka, kapasita iliyokauka huanza kuvuma. Muda huo usikae bure. Chomeka maiki chaneli ya kwanza, sema maneno yaleyale kwa sauti ileile, zungusha geini (nobu ya kukuza sauti ya maiki), zungusha kila nobu ya ikweliza, sukuma feda juu na chini, kisha hamia ya pili, hadi ya 16. Ni kazi ya kuchosha na muuzaji ataanza kutazama saa. Mwache atazame.

Miksa ya kanisani ina tabia yake. Chaneli za mwanzo, za mchungaji na za waimbaji wa mbele, zimefanya kazi kila wiki kwa miaka. Za mwisho huenda hazijaguswa tangu zinunuliwe. Zote zinaweza kukwaruza, za kwanza kwa kuchakaa, za mwisho kwa vumbi na kutu ya kutotumika. Mkwaruzo wa vumbi hupungua ukizungusha nobu mara nyingi na huisha kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti. Wa kuchakaa hauondoki. Kiangazi chetu kinavyovumisha vumbi jembamba, miksa isiyokwaruza kabisa ningeishangaa. Kwa usafishaji, dawa iwe ile ya vifaa vya elektroniki. WD-40 iachie bawaba za mlango.

Chaneli ikikatakata sauti, usiihukumu haraka. Mara nyingi ni tundu la INSERT ambalo kontakti zake za ndani zimeota kutu. Ingiza jeki na kuitoa mara kadhaa, na ikizinduka umepata hoja ya kushusha bei. Halafu pima umeme wa fantomu, ule wa 48V ambao miksa inaupeleka kwenye maiki za kondensa, kwa sababu maiki za kondensa zitakuonyesha tofauti baadaye wakati umeshalipa. Washa 48V, weka mita kwenye pini ya 1 na ya 2 za tundu la maiki, kisha ya 1 na ya 3. Inatakiwa isome kati ya volti 44 na 52, na pini zote mbili zilingane. Zikipishana sana kuna kitu kimeungua ndani.

Mwisho toa maiki, pandisha geini na feda zote, usikilize. Mchemko mdogo wa "sss" ni wa kawaida. Mvumo mzito unaozidi kadiri miksa inavyopata moto unatoka kwenye pawa saplai, na hapo mimi naaga. Gonga bodi taratibu kwa kiganja. Sauti ikikatika na kurudi, naaga pia. Chaneli moja iliyokufa kati ya 16 hainikimbizi, mradi si miongoni mwa nane za kwanza. Soda iliyomwagika inanikimbiza: feda zinanata, na ukimulika tochi unaona ukijani kwenye vyuma.

Kuhusu makaratasi, mali ya kanisa ni ya kanisa. Kijana wa kitengo cha sauti anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado hana ruhusa ya kuuza. Omba stakabadhi yenye saini ya mhazini au katibu, na namba ya mashine iandikwe humo. Ukiamua ya Nairobi, ipitishe forodhani Namanga na utunze risiti.

Studio nayo ina mambo yake ya umeme: stabilaiza nzuri, miksa na laptop kwenye soketi moja, na ethi isikatwe kamwe hata mtu akikuambia ndiyo inayoleta mvumo. Ukisikia mvumo, chomoa kwanza chaja ya laptop, uone kama unaondoka.

Wapigie watu wa kanisa uwaulize kama wanaweza kuishikilia kwa malipo ya awali mpaka upate saundikadi. Na katika hesabu yako weka waya nane za jeki kutoka miksa hadi saundikadi. Watu husahau kabisa waya, kisha wananunua zile nyepesi za bei ya chini zinazokatika ndani, na wiki ya pili wananipigia simu kwamba miksa ya mtumba imewaharibikia.