Ukitaka gari ziongezeke, panga kwanza watu wa ofisini

Wengi wanaonifuata kuniuliza kuhusu biashara ya malori wanaanza na gari yenyewe, Scania au Howo, mtumba au mpya, trela ya flat au ya kontena. Sawa, ila mimi nimekaa opereshen miaka kadhaa kwenye kampuni ya hapa Dar, tunapeleka mizigo Lusaka na Lubumbashi, na swali langu huwa ni hili: gari ikikwama Tunduma saa nane usiku dereva anampigia nani, na huyo anayepigiwa anaruhusiwa kutuma hela bila kumwamsha bosi?

Gari mbili unaziendesha kichwani, bosi wetu alianza hivyohivyo, yeye ndo meneja, yeye ndo mhasibu, yeye ndo anatafuta mzigo. Zikifika kumi na kitu kichwa hakitoshi, lazima ugawe madaraka, na hapo ndo wengi roho zinawauma.

Wa kwanza kumpa nguvu ni mkuu wa gereji. Nguvu kweli lakini, gari haitoki yadi mpaka asaini. Kuna siku gari yetu imeshapakia salfa ya migodini Congo, fundi mkuu kaingia chini ya trela katoka anafuta mikono, breki ya ekseli ya nyuma inavuja upepo, haiendi. Jamaa wa mauzo akawaka, mteja naye yupo kwenye simu anafoka, bosi akauliza tu "itachukua muda gani?" alafu akarudi zake ofisini. Anayeijua Kitonga, ule mlima wa Iringa, ukiwa na mzigo, iwe unapanda au unarudi na shaba unateremka, hahitaji maelezo.

Alafu wese. Anayepanga gari iende wapi asiwe ndo huyohuyo anayetoa mafuta na mileji (hela ya safari ya dereva), maana akielewana na dereva mmoja tu basi wewe umebaki mfadhili wao. Na kwenye kupakia weka mtu anayejua kugawa uzito, sheria ya Afrika Mashariki mwisho tani 56 gari na mzigo wake, ila hata ukiwa chini ya hapo ekseli moja ikizidi wanakudaka mizani ya Vigwaza, Chalinze hujaiona bado. Kasumbalesa nako, mpakani mwa Zambia na Congo, tafuta mtu wa kulekule, anayeongea Kifaransa na Kiswahili cha Katanga, usitume kijana wa Kariakoo akajifunzie mpakani.

Mhasibu ndo watu wanamdharau, wanamuona karani tu. Wese unalipa leo, mteja anakulipa baada ya siku 30 au 60, kwahiyo kila gari unayoongeza unaongeza na hela yako iliyokaa mikononi mwa watu, nimeona kampuni zina mizigo kibao na bado zinaegesha gari kwa kukosa hela ya mafuta. Mhasibu awe na ubavu wa kusema huyu mteja hatumbebei tena mpaka alipe deni, na bosi akubali.

Ndugu waajiri tu sikatazi, ila shemeji asikae kwenye mafuta jamani, siku ya kumuuliza lita zimeenda wapi dada yako atapiga simu kabla hujamaliza swali 😅

Kama kwa sasa una hela ya kuajiri mmoja tu anza na fundi, mhasibu unaweza kumpata wa kuja mara mbili kwa wiki.