Mwamba Ukifungwa, Pweza Wanakuwa wa Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama ninayechokoa pweza hapa Msimbati, Mtwara. Katika mkutano wa kijiji tumeelezwa kwamba mwamba wetu mmoja utafungwa kwa miezi mitatu, kama walivyofanya watu wa Madagaska. Je, tukiwaacha pweza hawatakufa bure?
Msomaji, Msimbati

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi, kwa kuwa pweza huishi mwaka mmoja hivi tu. Jike hutaga mara moja, akajiziba pangoni kwa mawe na kuyapepea maji mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hata hivyo, katika muda huo mfupi hukua upesi mno, hivi kwamba yule mdogo unayemtundika kwenye fimbo leo, akiachwa miezi miwili au mitatu, atakuwa na uzito mara kadhaa, na pengine ameshataga.

Wavezo, jamii ya wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska (ndiyo Bukini ya wazee wetu), walifunga mwamba wao kuanzia Novemba 2004 kwa miezi saba. Ulipofunguliwa mwaka 2005 pweza walikuwa wakubwa kuliko awali, lakini wavuvi walifurika na faida yote ikaisha kwa siku chache. Baadaye vijiji jirani viliungana na kutunga sheria zao ndogo, zinazoitwa dina, za kusimamia kufunga na kufungua. Kwa maoni yangu, shaka yako ielekee huko: ulizeni mkutanoni nani atalinda usiku, wavuvi wa dago (wanaohamia na kupiga kambi kwa msimu) wataruhusiwa au la, na akina mama wanaotembea kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, watapewa nafasi gani mbele ya wenye vyombo na miwani ya kuzamia.

Msitarajie, lakini, kwamba miezi mitatu itamrudisha chewa, ambaye huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, wala tumbawe lililovunjika. Hao wanahitaji maeneo yasiyoguswa kwa muda mrefu, na ndiyo kazi ya hifadhi za bahari kama hiyo yenu ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Na mchokoo nao uangaliwe: ukibomoa pango ili kumtoa pweza wa nusu kilo, hakuna mwingine atakayehamia humo, ilhali pango zima mnaweza kulirudia bamvua lijalo mkamkuta mpangaji mpya.