Dogo wa Moshi, usiache kupiga: shika melodi kwanza

Kuna dogo wa Moshi kaniandikia juzi, anapiga dramu kanisani na sasa ana kikundi chake cha watu watatu, anasema kila wakianza ile jazi ya huru isiyo na biti ya kuhesabu watu wanatoa simu au wanaondoka kabisa, anauliza aache? Dogo, usiache. Hayo yamenikuta hapa hapa Arusha na yaliniuma sana.

Kuna hoteli moja mjini ilituita tupige Ijumaa. Sisi ni saksafoni, gitaa na dramu, besi hatuna na hatuitaki. Tuko katikati ya wimbo, meneja akaja mbele ya wageni, "punguzeni hizo kelele, pigeni kopi, nyimbo za wengine zinazojulikana", halafu akamwambia kijana wa kaunta awashe muziki wa kwenye simu na sisi bado tuko jukwaani. Hela wakatupa nusu. Mpaka leo nikipita pale naangalia pembeni. Lakini Jumamosi iliyopita Njiro tumepiga vilevile, na watu wamekaa mpaka mwisho, mzee mmoja wa Kichaga akanifuata kuuliza ule wimbo wa harusi tumeutoa wapi maana mama yake alikuwa akiuimba. Nilifurahi jamani, sifichi.

Kinachowashika watu ni melodi. Msikilize Paul Motian, mpiga dramu wa jazi wa Marekani. Mwaka 1961 alikuwa na mpiga piano Bill Evans pale klabu ya Village Vanguard, New York, wanapiga muziki laini kabisa, na miaka ya 80 akaunda kundi lake la watatu, Joe Lovano saksafoni na Bill Frisell gitaa, bila besi, wakapiga pamoja miaka mingi, yeye akafariki 2011. Wakichukua nyimbo za mpiga piano Thelonious Monk au zile za zamani za maigizo ya Broadway, melodi unaisikia na unaitambua, ila dramu haihesabu, toazi hapa, kimya pale, anaingia anapotaka. Sikio lako lina pa kushika hata mdundo ukivunjika. Ed Blackwell naye, yule mpiga dramu aliyepiga na Ornette Coleman, mtu wa saksafoni na jazi ya huru, tomu zake, zile ngoma za seti zisizo na waya, zinaimba kabisa.

Sasa fanya hivi. Wimbo wowote mnaotaka kuupiga, wewe mpiga dramu uimbe wote kwa mdomo, na maneno yake kama yapo. Halafu upige peke yako kwenye tomu na snea, ile ngoma ndogo yenye waya chini, waya za chini ya snea ziachie, tumia brashi. Aliye chumba cha pili asipoutambua, bado hujaujua.

Ule wa harusi tunauanza hivi: gitaa linashika noti moja ndefu, saksafoni inaimba mstari wa kwanza bila haraka, mimi namwangalia mwenzangu mabega, akivuta pumzi ndipo nagusa toazi kubwa kwa ncha ya stiki, basi. Mstari wa pili naleta tomu ya chini inaitikia. Baada ya hapo ndio tunauvunja, kila mtu na lake, gitaa linapiga mayowe kweli, na watu wanatulia kwa sababu wimbo tayari wanao kichwani. Na lazima turudi kuupiga mzima.

Vijana mnataka kuanzia kwenye kuvunja, mnavunja nini wakati hamjajenga? Melodi kwanza, narudia, melodi kwanza. Na nyimbo tunazo tele, za kanisani, za bibi zetu, gitaa za enzi za Morogoro Jazz, zichukueni hizo mzifanyie kazi kila siku, mheshimuni mtu aliyetoka kwake usiku akapanda bodaboda kuja kuwasikiliza.

Kuhusu wenye hoteli: mpelekee rekodi kabla, aisikilize mbele yako mpaka ile sehemu ya mayowe, asije akasema hakujua. Na nusu ya hela ishike mkononi kabla hujafunga hata stendi moja. Asipotaka, nendeni ukumbi mwingine na wimbo wenu ule ule.