Mvua ya kwanza ya vuli usipande kitu, weka kiti uangalie bustani

Mleta uzi umeuliza mawili kwa mpigo: wenzetu wa Ulaya miezi hii wanapiga picha za majani mekundu bustanini, sisi wa Mwanza tunafurahia nini? Na je, uanze kupanda sa hivi au usubiri? Najibu kwa uzoefu wangu tu. Naishi Ilemela, nyumba ya mlimani, uwanja nusu udongo nusu mawe, na bustani kwangu ni starehe, siuzi hata fungu la mchicha.

Kwanza huku kwetu mti ukipukutika ujue ni kiangazi kimeuchapa tangu mwezi wa sita, sio baridi. Sisi mwaka unageuka kwa mvua. Mwishoni mwa Septemba jua linapita utosini kabisa hapa Mwanza likielekea kusini, ukisimamisha fimbo uwanjani kwenye saa saba kasoro mchana haina kivuli, halafu mvua zinalifuata hilo jua kwa nyuma. Hizo wiki za joto kabla ya mvua watu wanazilaani, mi nazipenda balaa. Usiku unaona umeme unamulika mbali kule ziwani, hata sauti haifiki, maana mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu ila usiku unageuka, hewa inaenda kukutana huko katikati ya ziwa na mawingu yanajijenga, ndo maana radi nyingi za ziwani zinapiga usiku mpaka alfajiri. Ukiwa na kibaraza kinachotazama maji huhitaji king'amuzi.

Na hayo majira ya Ulaya mgao wake tunaupata, mkuu. Mbayuwayu wanaoikimbia baridi ya kule ndo wanaanza kuingia huku Septemba na Oktoba, utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme jioni, wanafukuzana na wadudu juu ya bustani. Unapenda picha? Piga hao.

Sasa kupanda. Msimamo wangu, na najua humu watanipinga: mvua ya kwanza usipande chochote. Udongo wetu wa milimani ni luseni, huo mchanga mchanga uliotokana na haya mawe, unakunywa maji haraka na unayaachia haraka. Inanyesha moja kubwa, mtaa mzima unakimbilia duka la pembejeo, af jua linawaka wiki nzima, mbegu imeshachipua inakaukia hapohapo, watu wanarudi dukani kununua tena. TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila mwaka wanatoa mwelekeo wa mvua za vuli, usikilize, ila hata wao hawawezi kukwambia kwako pale nyuma ya jiko itanyesha lini. Subiri uone mvua zimefuatana, chimba kidogo kwa kidole, kama unyevu umeshuka chini anza.

Ile mvua ya kwanza ni ya kukaa tu. Chemsha chai ya rangi yenye tangawizi, vuta kiti. Vumbi la miezi yote linaoshwa kwenye majani ya mwembe unagundua kumbe mti una rangi. Vyura sijui walikuwa wamejificha wapi. Majongoo wanatoka, konokono wanatoka, na mvua ikikatika tu juu ya mawe unamuona yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anaota jua, huyo kwa kisayansi ni Agama mwanzae, kabeba jina la mji wetu kabisa na watoto wanamtupia mawe, inaniudhi sana hii. Kuna na ua moja linajiotea lenyewe, jekundu, la duara, linachomoka ardhini kabla hata ya jani, kiangazi chote huoni dalili yake. Kama unalo usilime pale, kiazi chake kipo chini.

Af kumbikumbi. Usiku zima taa zote bakiza moja ya nje, weka beseni la maji chini yake. Asubuhi kaanga bila mafuta, wana mafuta yao wenyewe, watakaobaki wape kuku. Jirani yangu mmoja mama wa Kisukuma ananiletea kisosi kila msimu, anasema sisi wa nyumba za geti hatujui kuokota, na kiukweli ananizidi mbali.

Kazi zenyewe zifanye kabla, Septemba hiyohiyo. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ichanganye kwenye matuta, ile mbichi inaunguza. Pumba za mpunga mashineni ziko nyingi, tandaza juu ya tuta baada ya miche kushika, zinazuia matone yasichimbue udongo. Kama una jiwe kubwa uwanjani usilichukie, mvua ikipiga maji yote yanashuka upande mmoja, panga mawe madogo kukinga hapo chini na upande vitu vyenye kiu, kwangu ndo kuna migomba. Maji ya bati, mvua ya kwanza yaache yamwagike, yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, ya mvua zinazofuata ndo ukinge. Na makopo na matairi yote yageuze, mbu wa Mwanza hawana utani.

Mvua zikishakaa: mchicha unamwaga mbegu na wiki ya tatu au ya nne unachuma. Mgagani hivohivo, na ule ni wa kwetu haudekezwi. Matembele chukua marando kwa jirani, chomeka, basi. Maua pia panda jamani, kuna watu wanaona bustani isiyo na mboga ni hasara, mi asumini yangu iko dirishani na mvua ikinyesha jioni harufu inaingia mpaka chumbani, hiyo nitaipimaje kwa fungu?

Nyanya ndo uwe makini. Kanitangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, anapungua mvua zikichanganya, hapo unapumua, ila ukungu ndo unaingia, majani yanapata madoa yanakauka kuanzia chini. Mi nazifunga kwenye miti zisiguse ardhi, nakata majani ya chini, na nimeziwekea kijipaa cha nailoni pembeni wazi upepo upite. Ukimwagia maji mwaga kwenye shina, na fanya asubuhi.