Usiache Dawa za Moyo kwa Sababu ya Mimba

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unauliza kama sasa, mimba ikiwa na wiki 19, uache dawa za moyo ili mtoto asidhurike, na ile kazi ya kupanua vali kwa puto uiahirishe mpaka ujifungue. Dawa usiziache. Habari ya puto inataka maelezo.

Vali yako ya mitrali, ule mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilipata kovu kutokana na homa ya baridi yabisi uliyougua ukiwa darasa la tano, baada ya mafindofindo ambayo mimi, muuguzi mzima, niliyatibu kwa maji ya chumvi. Tundu la vali hiyo kwa mtu mzima huwa na sentimita za mraba 4 hadi 6. Lako, kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, limebaki 1.2. Mimba huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na moyo ukienda mbio, muda wa damu kupenya tundu hilo finyu hupungua, kwa hiyo damu hurundikana nyuma na mapafu hujaa maji. Kule kuamka usiku ukakaa kitako ili upate pumzi si uchovu wa mimba, hata jirani yako aseme nini.

Metoprololo hupunguza mapigo ili damu ipate muda wa kupita. Furosemaidi hupunguza maji. Sindano ya penisilini ya kila wiki 4 huzuia homa ile isirudi, na wajawazito huchomwa bila wasiwasi. Warfarini uliyotishwa nayo, dawa ya kuzuia damu isigande, ndiyo hupita kwenye kondo na kuweza kuharibu maumbile ya mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, lakini hiyo ni shida ya wanaoimeza, kama wenye vali za chuma, na wewe humezi.

Puto alilibuni daktari Mjapani, Kanji Inoue, akaanza kulitumia mwaka 1982. Mrija hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, puto likajazwa kwa sekunde chache na kuachanisha kingo za vali zilizogandana. Picha za eksirei hupigwa kwa muda mfupi, tumbo likiwa limekingwa, na madaktari hupendelea kusubiri wiki ya 20 ipite. Kama bado unahema ilhali dawa unameza sawasawa, na daktari wako akaona inafaa, kubali mapema. Nisingependa ufanyiwe kwa dharura mwezi wa nane, damu ikiwa imejaa kabisa.

Ninachokiogopa zaidi ni baada ya kujifungua, kwa kuwa mfuko wa uzazi ukisinyaa hurudisha damu nyingi moyoni kwa ghafla. Zamani zamu yangu ilimpokea mama mwenye vali kama yako, akajifungua salama alfajiri, nasi tukampongeza na kumwacha na kikombe cha uji. Jioni alikuwa anakohoa povu la rangi ya waridi, mapafu yamejaa maji. Alipona, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amehesabu pumzi zake tangu asubuhi. Wewe uangaliwe kwa karibu siku 3 za mwanzo, na waambie wakunga mapema kwamba ergometrini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, haikufai.

Nitafika wiki ya 34. Tafuta mito mitatu ya kuegemea. Ulalapo chali ndipo kifua kinapobana.

Mama yako